Andika Kwako Kwanza: Mwongozo wa Blogu na Mitandao ya Kijamii kwa Watengeneza Programu

Mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza programu, anayetaka kuandika kuhusu kazi hiyo kwa Kiswahili, lakini hajui aanzie wapi kati ya blogu, X, LinkedIn, Telegram na lile kundi la WhatsApp la wenzake wa chuo ambalo huulizwa maswali yaleyale kila wiki. Jibu langu ni fupi, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni namna ya kulitekeleza: makala iandikwe kwanza mahali unapopamiliki, chini ya jina la kikoa (anwani ya tovuti yako) unalolilipia mwenyewe, kisha mitandao ya kijamii ipewe kiungo na dondoo. Blogu ni shamba na mitandao ni soko. Mkulima hupeleka mazao sokoni kwa sababu ndiko waliko wanunuzi, lakini hapandi mahindi sokoni.

Sikuanza nikiamini hivyo. Makala zangu za kwanza zilikaa kwenye seva ya kampuni ndogo iliyokuwa ikitoza bei nafuu, na kwa miaka mitatu sikuwa na sababu ya kulalamika. Kisha kampuni ikanyamaza. Simu haikupokelewa, barua pepe hazikujibiwa, na hifadhidata yenye makala arobaini na kitu ikatoweka pamoja na wenyewe. Niliokota zaidi kidogo ya nusu katika Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani inayoendeshwa na Internet Archive; zilizobaki hazikuwahi kufikiwa na mashine zake, na hadi leo sijaziona. Kampuni ilikuwa na kosa lake, lakini la kwangu lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mtu anayeonya wateja kila siku kuhusu nakala za akiba hakuwa na nakala hata moja ya maneno yake mwenyewe.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ya msiba wa namna hiyo ni kuchagua kampuni kubwa. Historia haimuungi mkono. GeoCities, iliyokuwa mali ya Yahoo, ilifungwa Oktoba 2009. Posterous, chombo kilichomwezesha mtu kublogu kwa kutuma barua pepe tu, kilinunuliwa na Twitter (leo X) Machi 2012 na kuzimwa Aprili 2013. Google Reader, iliyokuwa dirisha la kusomea blogu kwa watu wengi wa fani yetu, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013, na Google+ ikafuata tarehe 2 Aprili 2019. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyofungwa kwa kukosa fedha za kulipia umeme wa seva. Wenye mali walibadilisha mawazo, basi. Hata mitandao isiyokufa hubadilika: mwaka 2023 Twitter iliondoa matumizi ya bure ya API yake (mlango ambao programu nyingine hupitia kuwasiliana nayo) kama yalivyokuwa, na programu nyingi ndogo zilizokuwa zikituma viungo vya blogu moja kwa moja zikakoma kufanya kazi. Kuna pia milango inayofungwa kutoka nje. Facebook ilizuiwa Uganda Januari 2021, na X ikazuiwa Tanzania Mei 2025, hivyo aliyekuwa na maandishi yake yote huko alijikuta akihitaji VPN ili kusoma alichokiandika mwenyewe. Wahenga waliosema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakuwa wakifikiria API, lakini sioni neno la kuwapunguzia.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia kwenye blogu, nayo ni aina ya fikra inayoweza kukaa humo. Mwanzoni mwa Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh alitumia blogu yake, Kenyan Pundit, kupokea na kuchapisha taarifa za yaliyokuwa yakitokea, kisha akapendekeza humohumo kwamba wenye ujuzi wa teknolojia watengeneze ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Wanablogu wenzake na watengeneza programu, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walilipokea wazo hilo, na kwa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Wazo lile lilikuwa na anwani yake, lilielezwa kwa kirefu cha kutosha kueleweka, na watu waliweza kulielekezea kidole kutoka kwenye blogu zao. Hiyo ndiyo kazi ya blogu. Mtandao wa kijamii husambaza habari kwa kasi, lakini ukitaka kupata leo ulichokisoma humo miezi minane iliyopita, utachoka kabla hujakipata.

Jina kabla ya chombo

Hatua ya kwanza ni kununua jina la kikoa, na ifanyike kabla hujachagua chombo cha kublogia, kwa sababu vyombo utavibadilisha lakini jina hutakiwi kulibadilisha. Vikoa vya .tz vya Tanzania na vya .ke vya Kenya hununuliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Chagua jina linaloweza kutamkwa kwenye simu bila kurudiwa herufi kwa herufi, na usilifunge na teknolojia unayoitumia mwaka huu. Namfahamu mtu aliyejiita kwa jina la maktaba ya programu ambayo leo hakuna anayeitumia. Kila anapojitambulisha hulazimika kueleza historia.

Mambo mawili madogo huwagharimu watu wengi hapa. La kwanza ni kuhakikisha kikoa kimesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si kwa jina la fundi aliyekusaidia wala la mwajiri wako. La pili ni barua pepe ya usajili: isiwe ya kazini, maana siku utakapoacha kazi maonyo ya kuisha kwa kikoa yatakwenda kwenye sanduku ambalo huna tena ufunguo wake, na isiwe ile iliyo ndani ya kikoa chenyewe, maana kikoa kikilala, barua pepe nayo italala, nawe hutaweza kupokea ujumbe wa kukiamsha. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo kama mfuko unaruhusu.

Chombo chenyewe si jambo la kuumiza kichwa. Blogger ilianza mwaka 1999 na Google ikainunua mwaka 2003. Bado ipo, ni ya bure, na inakubali kikoa chako mwenyewe. Blogu ya mpigapicha Muhidin Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005 na kuwa mojawapo ya blogu zilizosomwa sana na Watanzania wa ndani na nje ya nchi, ilijengwa juu ya chombo hichohicho ambacho watengeneza programu wengi hukidharau. WordPress, ya tangu 2003, ina kila kitu, lakini inataka hifadhidata, inataka visasisho vya mara kwa mara, na programu-jalizi zake zisipotunzwa huwa ndiyo njia ya wezi. Kwa mtu wa fani yetu ninapendekeza tovuti tuli: makala huandikwa katika faili za kawaida za Markdown (maandishi yenye alama rahisi za muundo), faili hutunzwa kwa Git, programu inayohifadhi historia ya kila badiliko, na programu kama Jekyll ya mwaka 2008 au Hugo ya mwaka 2013 huzigeuza kuwa kurasa za HTML zinazoweza kuwekwa kwenye seva yoyote. Hakuna hifadhidata ya kuibiwa, na nakala kamili ya blogu nzima iko kwenye kompyuta yako kila unapoandika. Kampuni ya seva ikinyamaza leo, kesho asubuhi blogu itakuwa imehamia kwingine na msomaji hatajua kilichotokea.

Hata hivyo lazima niseme ukweli kuhusu ugonjwa wetu. Mtengeneza programu akipewa blogu, hataandika. Atabadilisha rangi, ataandika upya mfumo wa kuzalisha kurasa, atalinganisha kasi za milisekunde, na mwisho wa mwaka atakuwa na makala moja tu, inayoeleza jinsi alivyojenga blogu. Mimi nimebadilisha mfumo mara nne, na katika miaka ya mabadiliko hayo niliandika makala mbili. Jiwekee sharti kwamba hutagusa muundo wa tovuti hadi makala kumi ziwe zimechapishwa. Muundo wa kwanza, hata ukiwa mbaya, hauna madhara kwa sababu bado hakuna anayekuja kuutazama.

Cha kuandika, na namna ya kukiandika

Anayeanza huuliza aandike nini, naye anadhani anatakiwa kuwa bingwa kwanza. Anatakiwa kuwa mtu aliyekwama jana na kukwamuka leo. Tuchukue kitu ambacho watengeneza programu wengi wa Kenya wamekutana nacho, yaani kuunganisha mfumo wa duka na malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la API la Safaricom. Anayeanza hukwama palepale walipokwama waliomtangulia. Namba ya simu ameianzisha na 07 wakati mfumo unataka 2547; nenosiri la ombi, ambalo hujengwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na muhuri wa muda kisha kugeuzwa kwa Base64 (namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida), amelijenga kwa muhuri tofauti na ule alioutuma; au anwani ya kupokelea majibu ni ya kompyuta yake mwenyewe, ambayo seva za upande wa pili haziwezi kuiona. Kila moja ya makosa hayo ni makala kamili.

Kichwa cha makala kitaje tatizo, kwa maneno ambayo mtu aliyekwama angeyaandika kwenye injini ya utafutaji. «Utangulizi wa Daraja» ni kichwa kisichomsaidia mtu. «Kwa nini majibu ya M-Pesa hayafiki kwenye kompyuta yako» kinamvuta aliyekesha. Aya ya kwanza itoe jibu, na zinazofuata zitoe sababu. Ujumbe wa kosa unukuliwe kama ulivyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi, hata kama ni wa Kiingereza, kwa kuwa huo ndio msomaji atakaounakili na kuutafuta. Taja toleo la programu ulilotumia na tarehe, ili anayesoma baada ya miaka miwili ajue kama maelezo bado yanamhusu. Usifiche ulichojaribu kikashindikana, kwa kuwa mara nyingi njia zisizofanya kazi ndizo zinazomwokolea msomaji saa nyingi zaidi. Kabla ya kuchapisha, fuata hatua zako mwenyewe kwenye kompyuta ambayo haijawekwa chochote. Utashangaa ni hatua ngapi ulizozifanya bila kuzijua.

Msimbo uandikwe kama maandishi, usiwekwe kama picha. Picha ya msimbo haiwezi kunakiliwa, haionekani kwa injini ya utafutaji, na asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini haambulii kitu. Naona watu wakichapisha picha za skrini nyeusi zenye rangi za kupendeza, na hapo naelewa kwamba mwandishi alitaka kuonekana kuliko kusaidia.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, nina ushauri unaotokana na aibu. Niliwahi kuandika kwamba kazi ya kusafisha kumbukumbu za mfumo ipangwe kuanza saa tisa usiku. Msomaji mmoja, aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza, aliweka 21 kwenye cron, programu inayoanzisha kazi za seva kwa saa zilizopangwa, na duka lake likawa linajisafisha wakati wateja bado wananunua. Tangu siku hiyo huandika 03:00. Istilahi nazo zitumike kwa kipimo. Maneno kama seva, kivinjari, hifadhidata, msimbo na nenosiri yanaeleweka, na hayana haja ya kuombewa radhi. Pale ambapo neno sanifu halijazoeleka, lieleze kwa sentensi moja mara ya kwanza, kisha liendelee kutumika hilohilo hadi mwisho, kwa sababu kinachomchosha msomaji ni kitu kimoja kuitwa majina matatu ndani ya makala moja. Na usisahau kuutangazia mtandao lugha unayoitumia: katika lebo ya kwanza ya HTML weka lang="sw". Mifumo mingi huja ikiwa imeandikwa "en", na matokeo yake ni kwamba programu ya kusoma skrini hutamka Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari hushindwa kujua kwamba ukurasa ni wa Kiswahili.

Wepesi wa ukurasa ni sehemu ya adabu. Msomaji wako yuko kwenye simu, analipia bando, na ukurasa wa megabaiti nne unamkata fedha kabla hajajua kama una jibu lake. Mimi hujiwekea kikomo cha kilobaiti 200 kwa ukurasa wa maandishi, picha zikiwa zimepunguzwa ukubwa na kugeuzwa kuwa WebP, muundo wa picha nyepesi, na hati za JavaScript zikiwa zile tu ambazo makala haiwezi kusomeka bila hizo, ambazo kwa kawaida ni sifuri.

Kupeleka sokoni

Kabla ya kugusa mtandao wowote, weka mlisho wa RSS, faili ambayo programu za kusomea huikagua ili kumletea msomaji makala zako mpya. Teknolojia hii ni ya mwaka 1999, toleo lake la 2.0 ni la 2002, na ndiyo inayoendesha podikasti hadi leo. Wanaodai imekufa huisikiliza kila asubuhi wakielekea kazini. Jekyll na Hugo huweza kuutengeneza mlisho bila wewe kuandika msimbo wowote. Weka ndani yake makala nzima, si dondoo, na uweke kiungo chake mahali panapoonekana. Msomaji anayekufuata kwa mlisho hatenganishwi nawe na algoriti ya mtu yeyote.

Kisha tayarisha onyesho la kiungo. Unapotuma kiungo kwenye WhatsApp na mitandao mingine mingi, kisanduku chenye picha na kichwa kinachotokea chini yake hutokana na lebo za Open Graph, mfumo ulioletwa na Facebook mwaka 2010. Lebo tatu zinatosha kuanzia: og:title kwa kichwa, og:description kwa maelezo ya sentensi moja, na og:image kwa picha, ambayo ni vyema isizidi kilobaiti 300 na iwe na anwani kamili inayoanza na https. Katika WhatsApp onyesho hilo hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma wakati anapotuma, kwa hiyo ukilikosea na kiungo kikasambaa, kurekebisha ukurasa hakutarekebisha ujumbe ambao watu wamekwisha kuupokea. Jitumie mwenyewe kwanza.

WhatsApp ndiyo mtandao wa kijamii wa kweli kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, ingawa wataalamu wetu huiacha nje ya hesabu kwa kuwa makundi yake hayana idadi ya wafuasi ya kujivunia. Humo makala husafiri kwa njia ambayo huwezi kuipima. Mtu hunakili maandishi yako yote, huyabandika kwenye kundi la kijiji, jina lako hudondoka njiani, na wiki moja baadaye unatumiwa makala yako mwenyewe na shemeji anayekushauri uisome. Hakuna dawa kamili. Kinachosaidia ni kuandika jina lako na anwani ya blogu ndani ya maandishi yenyewe, katika aya ya kwanza au ya pili na siyo mwishoni tu, na kuandaa muhtasari mfupi wa mistari mitano wenye kiungo, ili anayetaka kunakili apate kitu chepesi cha kunakili. Kumbuka pia kwamba tangu 2019 WhatsApp imewekea mpaka idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe mmoja unaweza kusambaziwa kwa mara moja, nao ni matano, na ujumbe uliokwisha kusambazwa sana hupunguziwa zaidi. Kwa hiyo ni bora makundi matatu ya watu wanaohusika kuliko kulazimisha kila jina lililo kwenye simu yako.

Kwa X, andika uzi (mfululizo wa machapisho yaliyounganishwa) kutokana na makala, usijaribu kutengeneza makala kutokana na uzi. Herufi 280 za akaunti ya bure hulazimisha kila sentensi isimame peke yake, na maelezo ya kiufundi yaliyozaliwa hivyo huwa yamekatwakatwa kama karanga. Chukua mambo matatu au manne yaliyomo katika makala, yaeleze kwa ukamilifu ili hata asiyebofya kiungo apate faida, kisha weka kiungo. Usijenge mtambo wa kutuma moja kwa moja. Nilikuwa nao, niliupenda, na ulikufa siku API ilipofungwa. Sasa natumia dakika mbili kubandika kwa mkono, na dakika hizo zimenifundisha kuandika maneno tofauti kwa kila mahali.

LinkedIn ina faida moja iliyo wazi, kwamba waajiri wanapita humo. Weka dondoo na kiungo, jibu maoni kwa siku mbili, ondoka.

Mastodon na Bluesky, mitandao inayofanana na X, zinastahili maneno machache zaidi kwa sababu ya jinsi zilivyojengwa. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, hutumia itifaki ya ActivityPub ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa pendekezo rasmi Januari 2018. Seva ni nyingi, kila moja na mwenyewe, na ukihama kutoka moja kwenda nyingine wafuasi wako huhama nawe, ingawa machapisho yako hubaki ulikotoka. Bluesky, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2024, hukuruhusu kutumia jina lako la kikoa kama jina la akaunti, kwa kuongeza rekodi moja ya DNS katika mipangilio ya kikoa hicho. Wasomaji wa Kiswahili walioko huko bado ni wachache. Ninaziheshimu kwa muundo wake, lakini sikushauri uende huko ukitarajia umati.

Ukikubali maoni chini ya makala, uwe tayari kuyasoma kabla hayajaonekana. Nilifungua maoni kwa mwaka mmoja, na nilipopiga hesabu niligundua kwamba muda wa kufuta matangazo ya waganga na mikopo ulikuwa umezidi muda wa kujibu maswali. Sasa mwisho wa kila makala kuna anwani ya barua pepe tu. Barua ni chache, lakini anayeandika barua huwa ameisoma makala hadi mwisho.

Mipaka

Soma mkataba wako wa ajira kabla ya kuandika kuhusu kazi unayolipwa kuifanya. Mikataba mingi huhesabu msimbo na taarifa za wateja kuwa siri ya mwajiri, na wakati mwingine hata ule ulioandikwa nje ya saa za kazi. Njia salama ni kuujenga upya mfano wako kutoka sifuri, kwa duka la kubuni lenye namba za kubuni, badala ya kuufuta majina msimbo wa kazini. Funguo za API zisiingie kabisa kwenye Git. Ukiziingiza kwa bahati mbaya, kufuta faili hakutoshi kwa sababu historia inazikumbuka, kwa hiyo batilisha ufunguo huo na uchukue mwingine papo hapo. Picha za skrini zikaguliwe kona hadi kona, maana namba ya simu ya mteja hupenda kujificha kwenye jina la kichupo cha kivinjari. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hakuna kati yake inayomsamehe mtu kwa kuwa alikuwa akifundisha.

Kwa anayeandikia Tanzania kuna suala la leseni pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kujisajili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kulipa ada iliyozidi shilingi milioni mbili, na blogu nyingi zilinyamaza mwaka huo. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, kwa hiyo usitegemee maelezo ya rafiki wala ya makala hii; chukua toleo linalotumika sasa kutoka TCRA yenyewe na usome sehemu inayoeleza ni aina gani ya maudhui inayohitaji leseni.

Matunzo

Anwani ya makala ikishachapishwa isibadilike. Ukilazimika kuibadilisha, kwa mfano unapohama kutoka WordPress kwenda Hugo, seva ielekeze anwani ya zamani kwenye mpya kwa jibu la 301, ambalo huziambia injini za utafutaji kwamba uhamisho ni wa kudumu. Weka anwani fupi, zisizotaja chombo wala mwaka wa toleo, na kuhama kutakuwa kazi ya jioni moja.

Mara moja kwa mwaka, mimi hufanya hivyo kila Januari, pakua kumbukumbu zako kutoka kila mtandao unaoutumia. X, Facebook na LinkedIn zote zina sehemu ya kuomba nakala ya data yako katika mipangilio, na Google ina huduma ya Takeout kwa kazi hiyohiyo. Makala za zamani zilizopitwa na wakati usizifute. Ongeza mstari juu yake unaosema ni toleo gani zinalihusu na, kama ipo, makala mpya iko wapi. Kisha fanya jaribio ambalo karibu kila mtu huliruka: chukua nakala ya akiba, iweke kwenye kompyuta nyingine, na uone kama blogu inasimama. Mara ya kwanza yangu haikusimama, kwa sababu picha zote zilikuwa zimebaki kwenye seva.

Liko jambo la mwisho ambalo tunalikwepa kwa kuwa linahusu kifo. Kikoa kisipolipiwa hulala, na baada ya muda mtu mwingine hukinunua na kuweka humo matangazo ya kamari chini ya jina lako. Niliandika karatasi moja na kumpa dada yangu aiweke pamoja na hati za kiwanja. Ina mistari sita: jina la msajili wa kikoa, tarehe ya kulipia, barua pepe iliyotumika, mahali ilipo nakala ya faili zote, mahali yalipo manenosiri, na jina la mwenzangu wa kazini atakayemweleza maana ya mistari mitano ya kwanza.